Ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya: Saa Nane, Mwaloni, Magu au Rubondo? Wenye uzoefu njooni

Kijana_wa_Nyakato
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoyajua haya mambo maana mimi ndege ninaowajua vizuri ni kuku na mwewe anayekuja kumchukua kifaranga. Nina mjomba wangu, mwalimu mstaafu yuko Kahama, kuna mtu alimpa binokula ya zamani na tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine, anaamka alfajiri anakaa chini ya mwembe na daftari. Sasa kanipigia anasema Januari anakuja Mwanza siku mbili anataka kuona wale ndege wanaohama, wa Ulaya na Urusi huko, ambao kwao kukiwa na theluji wanashuka ziwani kwetu. Hataki tausi wala mbuni, anataka wageni.
Nimeambiwa sehemu nne: kisiwa cha Saa Nane, Mwaloni Kirumba kwenye soko la samaki, Magu kule mto Simiyu unapoingilia ziwani, na Rubondo. Ipi inafaa? Goti lake moja ni bovu, na pesa ni ya kawaida sana, msinipeleke kwenye mambo ya kitalii. Naomba kuwasilisha.

Ngosha_Mkweli
Rubondo mkuu, usimpotezee mzee muda na uchafu wa Mwaloni. Ile ni hifadhi tangu 1977, msitu mzito, sokwe wapo, nzohe (wale swala wa kwenye maji) wapo, kasuku wa kijivu waliokamatwa kwenye magendo waliachiwa kule, na furukombe wako wengi mpaka unachoka kuwasikia. Zamani kikwazo kilikuwa kusubiri kivuko Kigongo, sasa daraja limeshafunguliwa, unapita juu dakika chache uko Busisi. Hamna sababu.

MtumbwiNaKasia
Ngosha hesabu zako za daraja ni nzuri ila daraja halifiki Rubondo 😂 ukivuka Busisi bado kuna Sengerema, Geita, ushuke mpaka Nkome au uzunguke mpaka Kasenda, halafu boti, halafu kiingilio, halafu kulala. Siku mbili za mwalimu zinaishia njiani.
Mimi nasema Saa Nane. Natokea Kapripointi, boti ni dakika kama kumi, hata goti bovu linafika. Kisiwa kile watu wanakidharau kwa sababu kiko mlangoni kwao. Kiliitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, 1964 ikawekwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mnandi wanakaa kwenye majabali wamefungua mabawa wanakauka kama nguo kwenye kamba, mdiria, furukombe, na pimbi wanaota jua. Unalipia kwa kontroo namba kwenye simu, bei ya mwananchi sio ya mgeni. Ushauri mmoja tu: muende asubuhi. Baada ya saa saba mchana upepo wa ziwani unaamka na mawimbi yanawalowesha. Niliwahi kumchukua mteja na boti ya mtu mmoja aliyesema tunaondoka saa mbili tukaondoka saa tano, tulirudi tumeloa mpaka vitambulisho.

MamaMapanki
Samahanini mimi sio mtaalamu, mimi nauza mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kutolewa minofu) na dagaa Mwaloni huu mwaka wa 14, ila nimesoma hapo mtu kaandika uchafu wa Mwaloni nikaona nijibu. Huo uchafu ndio chakula. Ndege hawaendi penye mandhari, wanaenda penye kula. Mngekuja saa 12 na nusu asubuhi mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai bado zinawaka mngeona, kongoti wamesimama kama wazee wa baraza na vipara vyao na lile fuko shingoni, yangeyange wanapita katikati ya miguu yetu, mwewe anakwapua utumbo wa sangara mkononi kabisa, mimi mwenyewe nimeshakwaruzwa kidole, na juu kule kuna shakwe. Sasa hao shakwe ndio nataka kusema. Mwaka mzima kuna wadogo wadogo, kichwa cha kijivu, mdomo na miguu mekundu, hao ni wa hapa hapa. Ila kuanzia kama mwezi wa kumi na moja wanaongezeka wengine wakubwa, mgongo wa rangi ya mkaa, mdomo wa njano, wana sauti ya kama mtu anacheka vibaya, na wadogo wanawapisha. Wanaondoka mvua za masika zikianza. Sisi tunawaita wazungu. Sikujua kama kweli wanatoka uzunguni, tulikuwa tunatania tu.

Kitwitwi_wa_Luchelele
Mama naomba nikuvulie kofia. Huu ni mwaka wangu wa tisa natembea na binokula ufukwe huu na hicho ulichoandika ndicho ningemwambia mwalimu. Hao wazungu wako wanazaa kaskazini, Skandinavia mpaka Siberia, na kichwa cha kijivu ni mwenyeji.
Kijana, kwanza tutenganishe maswali. Ukiuliza wapi pazuri, Rubondo inashinda, hilo Ngosha yuko sahihi. Ukiuliza wapi kuna wageni wa Ulaya wengi kwa Januari, Rubondo inashindwa na dimbwi la nyuma ya machinjio. Msitu mzito una wenyeji wake. Wageni wengi wa majini wanataka tope, maji ya kina kifupi, nyasi fupi, ng'ombe, wadudu. Saa Nane hali ni ile ile, ni mawe matupu yanaingia moja kwa moja kwenye kina, tope hamna. Pale mgeni utakayempata bila shaka ni kitwitwi wa mawe, yule mdogo wa kahawia anayetembea ukingoni akitikisa kiuno bila kupumzika, akiruka anapita chini chini juu ya maji na mabawa magumu kama anatetemeka. Anaanza kufika Agosti huyo, anakaa mpaka Aprili. Ni mzuri, lakini kulipa kiingilio kwa ajili yake wakati yuko hata kwenye mtaro wa Nyegezi, sijui.
Halafu kuna wale wanaofanana na shakwe ila wembamba, weupe na kijivu, wanaruka kwa madaha wakidonoa juu ya maji bila kuzama. Vitabuni wanaitwa buabua. Wa msimu huu wengi ni mabawa-meupe, wanazaa Ulaya ya mashariki mpaka Asia. Januari ana doa jeusi nyuma ya jicho linashuka sikioni, utasema kavaa hedifoni. Siku wale wadudu wa ziwani wanapopanda juu kama moshi mweusi utamwona kwa mamia anapita ndani ya moshi. Hiyo unaiona hata kwenye benchi pale ufukweni mjini karibu na jiwe la Bismarck, bure, goti linapumzika.

Kijana_wa_Nyakato
Aisee nimejifunza kwa dakika kumi kuliko miaka yote niliyoishi hapa. Sasa Magu vipi? Na hivi kweli hawa wadogo wanatoka huko kote?? mbayuwayu ana uzito gani jamani

Kitwitwi_wa_Luchelele
Gramu 20 hivi, huyo anayetoka Ulaya. Anavuka Sahara. Uzito wa vijiko vinne vya sukari.
Na kwa mbayuwayu mwambie mwalimu asidanganyike, wako wa aina nyingi na wengine ni wa kwetu. Wale wanaojenga chini ya madaraja, kofia nyekundu, tumbo jeupe pee, mkia wenye nyuzi mbili nyembamba, ni wenyeji. Wa Ulaya ana koo jekundu na mkanda wa bluu nyeusi kifuani. Usimtambue kwa mkia mrefu, kwa sababu huku ndiko anakobadilishia manyoya, Januari wengi mikia imekatika katika wanaonekana kama wameazima.

Jaruba_la_Magu
Mwangaluka wakuu. Nimeitwa kwa jina nikaja. Daraja la Simiyu ukishuka basi upande wa ziwani ni majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka, na mbele yake mafunjo na matete. Mimi ni mkulima, ndege kwangu ni adui wa mpunga (kwelea na wale wa njano wanaosuka viota), lakini nakiri hawa wageni hawali mpunga, wanakula wadudu, kwa hiyo tunaishi nao kwa amani. Januari mpunga ukiwa umepandikizwa na maji yako kwenye kifundo cha mguu unawaona hao mnaowaita kitwitwi wa kila saizi, wengine miguu ya kijani mirefu wanapiga mluzi mara tatu, wengine wamekaa makundi makundi hawana mpango na mtu. Na ng'ombe wakipita, kuna vindege vya njano tumboni vinatikisa mkia, vinakimbia chini ya kwato wala havikanyagwi. Hivyo navyo nimewahi kusikia ni wageni.
Jioni ndio utalia. Kuanzia saa kumi na mbili mbayuwayu wanakusanyika juu ya matete, kwanza wachache, unasema aah kumbe, halafu mbingu inajaa, halafu kama mtu kavuta kamba wote wanaanguka ndani ya matete kwa dakika chache kimya.
Tahadhari: msiingie kwenye maji ya nyasi pembeni pembeni, kichocho kipo, na kiboko hana urafiki. Mpite kwenye matuta ya majaruba, na muombe ruhusa kwa mwenye shamba. Akikataa msibishane, nendeni kwa jirani. Na magoti... matuta yanateleza mkuu, sitakudanganya. Alete fimbo.

Ngosha_Mkweli
Nakubali nimezidiwa ila nina swali la kichokozi. Mama anasema mwewe wa Mwaloni. Mwewe ni wa hapa hapa, mbona kwenye vitabu nasikia nao wanahama?

Kitwitwi_wa_Luchelele
Sio uchokozi, ni swali zuri hilo. Wengi wa Mwaloni ni wa Afrika, mdomo wa njano mpaka unang'aa. Katikati yao msimu huu wanachanganyika wachache wa kutoka kaskazini, mdomo mweusi na kichwa kimepauka. Shida ni kwamba mtoto wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi. Mimi nimeshaandika "mgeni" kwenye daftari mara tatu nikafuta mara mbili. Mwalimu akipata mmoja mwenye uhakika anifundishe.
Na jambo jingine kuhusu mdiria wenu, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kisha anajitupa. Huyo hahami, lakini ana habari ya Mwanza kabisa. Watafiti waliomfuatilia kwenye Ghuba ya Mwanza kabla na baada ya sangara kutawala waliona amebadilisha mboga, zamani alikula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, furu walipokwisha akahamia kwenye dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo ilimbidi avue mara nyingi zaidi ashibe. Kama sisi tu.

MtumbwiNaKasia
Haya jamani biashara yangu mmeiua mchana kweupe. Ila mzee akimaliza tope, anipe asubuhi moja. Nitamzungusha kisiwa bila kushuka, goti halitaguswa.

Kijana_wa_Nyakato
(Mrejesho, naandika usiku wa Jumapili)
Wakuu tumerudi. Rubondo hatukwenda, Saa Nane hatukwenda, MtumbwiNaKasia nisamehe, mjomba aligoma.
Jumamosi tulikuwa Mwaloni giza giza bado. Nilijua atalalamika harufu, wala. Alikaa kwenye kreti la bia lililogeuzwa akaandika kurasa nne kabla ya chai. Wazungu wa Mama aliwaona 11, aliwahesabu mara tatu. Mwewe wa mdomo mweusi aliona mmoja, tukabishana naye nusu saa kama ni mtoto au mgeni, mwishowe akaandika alama ya kuuliza. Watu walituzunguka wakitaka kuangalia kwenye binokula, kijana mmoja wa kubeba magunia akaangalia kongoti kwa karibu akairudisha haraka akasema huyu anafanana na mwenye nyumba wangu.
Mchana tulikaa Bismarck, mawingu ya wadudu hayakutokea, buabua sita tu, ila hedifoni nilizionaaa.
Leo Magu. Jaruba_la_Magu wabeja sana, mjomba wako yule wa shamba la tatu alitupa na viazi. Tuta lilimwangusha mwalimu mara moja, akadondokea upande wa mpunga, binokula ikawa juu mkononi kavu kabisa. Jioni mbayuwayu walichelewa, tukaanza kukata tamaa, halafu wakaja. Sina namna ya kuandika. Mwalimu alikuwa na kalamu mkononi hakuandika kitu. Baadaye kwenye daladala ndio akaniuliza, hivi wale niliokuwa nawafundisha darasa la tano mistari ya ramani, Ulaya iko hapa, Afrika iko hapa, mbona sikuwahi kuwaambia kwamba kuna wanaopita.
Sasa tatizo jipya. Nilimwambia kwamba buabua kabla ya kuondoka, kama Aprili, wanageuka weusi mwili mzima na mabawa yanabaki meupe. Hataki kurudi Kahama. Anaulizia chumba Kirumba mpaka Aprili, shangazi ananipigia simu mimi.

MamaMapanki
Chumba nitamtafutia. Ila mwambie aandike kwa penseli, lile daftari la wino nililiona, maji ya samaki yatamfutia wazungu wote.