Furfurali kutoka magunzi ya mahindi: kichocheo kinakufa baada ya mzunguko mmoja

mkemia_moro: Wakuu, habari za kazi. Natafuta furfurali (kemikali ya kimiminika inayotokana na sukari za mimea). Nachemsha gramu 50 za magunzi makavu yaliyosagwa, mililita 500 za maji na gramu 5 za Amberlyst-15 (resini yenye asidi, ndiyo kichocheo changu), nyuzi 170 kwa saa 3, kwenye riakta ya chuma cha pua. Mzunguko wa kwanza napata furfurali kidogo. Wa pili, kwa resini ileile, karibu hakuna kitu. Resini inatoka nyeusi, imegandana na mabaki. Niongeze kichocheo au muda?

asidi_ngumu: Usiongeze chochote, mkuu. Amberlyst-15 mwisho wake ni nyuzi 120. Kwenye 170 vikundi vya salfoni (sehemu zake zenye asidi) vinakatika na kuingia majini kama asidi ya sulfuriki, kwa hiyo huenda furfurali yako ya kwanza ni kazi ya asidi hiyo. Chuja mchanganyiko ungali moto, kisha urudishe maji peke yake kwenye nyuzi 170. Furfurali ikiendelea kupanda, kichocheo kinavuja. Ukitia bariamu kloridi kwenye maji hayo ikatoa mashapo meupe, hiyo ni salfeti. Pima na magunzi yaliyochemshwa bila resini upate cha kulinganisha. Amberlyst-70 huvumilia hadi 190.

Kubwa zaidi ni hili: punje ya resini haiingii ndani ya gunzi. Zailani (mnyororo wa sukari ulio ndani ya gunzi) lazima iyeyuke kwanza. Chemsha magunzi kwa asidi ya sulfuriki ya asilimia 1, nyuzi 120, saa 1, uchuje. Maji hayo yenye zailosi (sukari itokayo kwenye zailani, ndiyo inayogeuka furfurali) ndiyo yanayokutana na kichocheo.

jivu_na_potasi: Hapo kuna mtego. Ukiondoa asidi hiyo kwa chokaa, jasi (kalsiamu salfeti) hubaki imeyeyuka karibu gramu 2 kwa lita, na kalsiamu yake hukalia nafasi za protoni kwenye resini. Potasiamu ya magunzi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo yaoshe kwa maji moto kabla ya kuanza. Resini iliyokaliwa na madini huamka ukiiloweka kwenye asidi ya hidrokloriki ya mola 1 kwa lita na kuisuuza mpaka maji yasiwe na asidi. Weusi hautoki kwa njia hiyo: ni humini (mabaki meusi kama lami), na kuichoma hewani kwa nyuzi 500 kunafaa vichocheo vya madini kama zeolaiti, si resini. Resini itaungua yote.

mkemia_moro: Nimeelewa. Humini nizizuieje?

asidi_ngumu: Itoe furfurali mara inapozaliwa. Ikikaa majini hujishika na zailosi na kugeuka lami, ndiyo maana saa 3 zinakuumiza. Quaker Oats walipoanza na maganda ya oti kule Cedar Rapids mwaka 1922, mvuke ndio uliokuwa ukiibeba nje. Maabara, weka tolueni mara mbili ya ujazo wa maji, koroga kwa nguvu, zailosi isizidi gramu 50 kwa lita, na chukua sampuli kila dakika 15. Chumvi ya mezani husukuma furfurali kwenye tolueni, ila kloridi hutoboa chuma cha pua. Tumia kikombe cha ndani cha kioo.

Kwa hesabu, zailani gramu 1 haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.73 za furfurali. Viwanda vya asidi na mvuke huridhika na karibu nusu ya hapo.

jivu_na_potasi: Usipime furfurali kwa mwanga wa nanomita 277 pekee, HMF (kemikali ya jamii yake) inayotokana na glukosi hufyonza karibu na hapo, kwenye 284, na itakupandishia namba. Vaa glavu, furfurali hupenya ngozi. Na anza na zailosi ya dukani kabla ya magunzi, ujue kwanza kichocheo chenyewe kinaweza nini.