Hadithi ya Gothiki lazima iwe na nini? Naandika ya huku Mikindani

mwana_mikindani:
Habari wakuu, niko Mtwara, nimeanza kuandika riwaya ya kutisha nimeiweka Mikindani kwenye zile nyumba za zamani za matumbawe, zingine zimebaki kuta tu na mizizi ya miti imepita katikati. Rafiki yangu kasoma sura za mwanzo akaniambia inaelekea Gothiki, yaani zile hadithi za kutisha za majumba ya kale yenye siri, ila bado. Nikitafuta naona kasri, popo, mvua ya radi, sasa kasri huku natoa wapi? Na lazima mzimu utokee?

msomajiwausiku:
Karibu ndugu yangu. Popo na radi ni mapambo tu, usihangaike navyo. Mambo yalianza 1764 Horace Walpole wa Uingereza alipotoa riwaya ya kasri la Otranto, na toleo la 1765 ndo akaliita hadithi ya Gothiki. Mule mtawala Manfred anakaa kwenye milki ambayo babu yake aliipata kwa kumuwekea sumu mwenye milki, afu siku ya harusi ya mwanae likofia likubwa la chuma linaanguka kutoka juu linamponda kijana. Umeona? Kasri lina uzito kwa sababu limeibiwa na wajukuu bado wanalala ndani yake, dhambi ya mzee inadaiwa kwa mtoto. Sasa pwani yetu hii watu waliuzwa utumwani na wapo waliotajirika nao. Mjukuu karithi ufunguo wa nyumba kama hiyo na hakuna mtu kwenye ukoo anayetaka kusema pesa ya kujengea ilitoka wapi, hapo kasri la nini tena?

dada_wa_riwaya:
Naongezea kuhusu hofu yenyewe. Ann Radcliffe, mwandishi wa Uingereza wa riwaya hizi za Gothiki, aliitenganisha mara mbili, maandishi yake yalitoka 1826 akiwa ameshafariki: kuna hofu ya kitu usichokiona vizuri, hiyo inaamsha akili na kuipanua roho, na kuna kitisho cha kuoneshwa kila kitu, hicho kinakugandisha tu. Yeye mizuka yake mingi mwishoni unaambiwa ilikuwa ni nini, ila mwandishi mwenzake Matthew Lewis kwenye riwaya yake ya 1796 alienda kinyume kabisa, damu na shetani hadharani. Mi niko upande wa Radcliffe, mlango ambao mama anakataza usifunguliwe unatosha kurasa hamsini. Kingine ni karatasi za zamani, riwaya ya Dracula ya 1897 yote imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Kaka wewe unayo bora zaidi, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ziko kwenye sanduku na ndani ya nyumba hakuna anayejua kuzisoma!!

mtu_wa_kilwa:
Niko Lindi, hapo kwenye mzimu naomba muwe makini sana. Zile riwaya za Ulaya zinategemea msomaji asiyeamini, ndo mana wasiwasi wote ni je kipo au hakipo. Sasa msomaji wa pwani jini anamjua, anajua anataka ubani gani na nani wa kumuita, ukimtoa jini ukurasa wa tatu hashtuki mtu, ataanza kukuuliza mbona hawajaenda kwa fundi, yaani mganga. Kwahiyo wasiwasi uhamishe, swali lisiwe kama jini yupo, liwe nani kwenye familia hii aliahidiana naye na alimuahidi nini au nani. Na hali ya hewa tumia ya kwetu, ukungu wa London wa nini wakati kuna kusi inavyopiga madirisha usiku na umeme umekatika, maji yamekupwa mpaka harufu ya mikoko inaingia chumbani. Ukipata nafasi vuka Kilwa Kisiwani uone Husuni Kubwa, ikulu ya karne ya 14 juu ya mwamba inatazama bahari, vyumba zaidi ya mia na hakuna anayelala.

mwana_mikindani:
Asanteni sana jamani. Mtu wa Kilwa hilo la ahadi limenikaa, nafuta sura ya pili yote. Dada, sanduku la barua naliweka kwa bibi yake mhusika, na bibi anajua kuzisoma ila anasema macho hayaoni.