Mjadala: aina za data kwenye wito wa mbali zisomwe kutoka kwenye lugha, au ziandikwe kwenye skima?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja iliyotugawa mafungu mawili kwenye timu yetu. Nina upande wangu na sitauficha.

Tunaandika maktaba ndogo ya kuita funksheni zilizo kwenye mashine nyingine. Seva ni Python, mteja ni JavaScript. Funksheni inapotangazwa, aina za vigezo vyake na za jibu lake zielezwe wapi? Fungu la kwanza linataka maktaba isome aina zilizokwisha kuandikwa kwenye Python, mwandishi aendelee na kazi yake kama kawaida. Fungu la pili, ambalo ni langu, linataka skima, yaani faili la kueleza data, iliyo nje ya lugha zote mbili, yenye aina chache ambazo mipaka yake inajulikana. Thamani isiyoingia kwenye mipaka hiyo ikataliwe palepale inapotoka, isisubiri kufika.

Kilichonifanya nichague upande ni namba moja. Seva ilituma kitambulisho 9007199254740993, kivinjari kikapokea 9007199254740992. Mtumiaji alibofya rekodi moja, ikafunguka ya jirani yake. Hakuna onyo lililotoka popote, na siku mbili nzima tuliikagua hifadhidata ambayo haikuwa na kosa lolote. Namba kamili za Python hazina kikomo. JSON, muundo wa maandishi tunaosafirishia data, nayo iliandika tarakimu zote sawasawa. Ila JavaScript ikisoma namba ya JSON huiweka kwenye namba ya nukta ya biti 64, na humo namba kamili ni za kuaminika hadi 9007199254740991 tu, yaani 2 kwa kipeo cha 53 ukitoa 1. Ukivuka hapo, namba jirani zinaanza kugongana.

Najua nitaambiwa nitume vitambulisho kama maandishi. Sawa, na ndivyo Protobuf, mfumo wa Google wa kusafirisha data kwa skima, inavyofanya ikigeuzwa kuwa JSON: namba za biti 64 zinawekwa ndani ya alama za nukuu. Twitter nao mwaka 2010 waliongeza uga (sehemu moja ya rekodi) wa id_str, ambao ni maandishi, kando ya id kwa sababu hiyohiyo. Lakini Protobuf inajua cha kufanya kwa kuwa kuna mahali mtu ameandika kwamba uga huu ni wa biti 64. Python ikisema "int" (namba kamili) peke yake, maktaba itajuaje kama ni umri wa mtu au kitambulisho cha tarakimu kumi na sita?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, pole kwa hizo siku mbili, ila nadhani umemshika mtu asiye na hatia. Kosa si kusoma aina kutoka kwenye lugha. Kosa ni kukubali "int" tupu. Tangaza ndani ya Python aina yako inayoitwa Namba64, maktaba isome hiyo, na funksheni yoyote yenye "int" isiyo na kipimo ikataliwe programu inapoanza. Mipaka umeipata, na hukuongeza faili lolote.

Tena njia hii ndiyo ya asili. Makala ya Birrell na Nelson ya mwaka 1984 kuhusu wito wa mbali, kazi waliyoifanya kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC, inaeleza programu iliyoitwa Lupine: ilisoma moduli za lugha ya Mesa zilizoeleza funksheni, kisha ikazalisha vipande vya msimbo vya pande zote mbili. Hapakuwa na lugha ya pili ya kueleza data.

Nimefanya kazi kwenye mradi wenye skima ya pembeni. Kila badiliko dogo lilitaka kuhariri skima, kuzalisha msimbo upya, kuurudisha kwenye hazina mbili, na kuomba idhini mara mbili. Mwishowe watu walichoka, wakaweka uga mmoja wa maandishi na kusukuma JSON humo ndani. Skima ikabaki pambo.

Mleta mada

Hilo la uga mmoja wa maandishi nimelishuhudia pia, na linauma.

Lakini Lupine ilifaulu kwa sababu pande zote mbili ziliongea lugha moja. Walipotaka mashine za aina tofauti zielewane, kampuni ya Sun walileta XDR, kanuni ya kuandika data kwa baiti, iliyochapishwa kama waraka wa RFC 1014 mwaka 1987, na hapo walilazimika kuamua kila kitu: kila kipengele kijae baiti 4 au kigawe chake, baiti yenye uzito mkubwa zaidi itangulie, namba kamili iwe ya biti 32 au 64. Na kwa kuwa XDR haitumi jina la aina pamoja na data, pande zote lazima ziwe na maelezo yaleyale kabla ya kuanza kuongea.

Namba64 yako ni nzuri. Shaka yangu ni kesho. Mtu atabadilisha jina la kigezo ili msimbo usomeke vizuri, jambo ambalo ndani ya programu moja ni usafi wa kawaida, na papo hapo atakuwa amewavunjia wateja wa mbali bila kujua. Kwenye Protobuf uga hutambulika kwa namba yake. Jina libadilishe utakavyo, kwenye umbo lake la kawaida la baiti kinachosafiri ni kilekile. Mpangilio wa ndani wa programu na ahadi kwa watu wa nje vinabadilika kwa sababu tofauti. Sitaki kimoja kikiguswa kingine kitikisike.

Mchangiaji wa tatu

Nyote wawili mnabishania namba, ambazo ndizo rahisi. Semeni kuhusu kukosekana. Mtu asiyejaza umri na mtu aliyeandika 0 ni watu wawili tofauti, lakini proto3, toleo la tatu la lugha ya skima ya Protobuf, mwanzoni haikuwatofautisha: namba ya kawaida ikiwa 0 haitumwi kabisa, na mpokeaji anaona 0 kwa vyovyote vile. Neno "optional" (la hiari), linalotofautisha hayo, lilirudi rasmi kwenye Protobuf toleo la 3.15, mwaka 2021. XML-RPC ya 1998, njia ya wito wa mbali kwa maandishi ya XML, haikuwa hata na njia ya kusema "hakuna kitu", na tarehe zake hazikubeba ukanda wa saa. Zote mbili zilikuwa na aina zilizoandikwa vizuri nje ya lugha. Mleta mada, skima yako inalijibu vipi hili?

Mchangiaji wa nne

Naongeza dogo. Anayetaka lugha iamue kila kitu akumbuke pickle, njia ya Python yenyewe ya kuhifadhi na kutuma data. Inabeba karibu kila objekti ya Python, na maelezo yake rasmi yanaonya kwamba data yenye hila inaweza kuendesha msimbo wowote wakati wa kufunguliwa. Aina chache zilizofungwa ni usalama pia.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, umenishika. Rasimu yangu ilikuwa na thamani ya msingi (inayojazwa uga usipotumwa) kwa kila uga, na nilidhani nimerahisisha maisha. Naiondoa leo: uga wa hiari utatangazwa hivyo, na usipotumwa mpokeaji ataona kwamba haukutumwa.

Kwa mchangiaji wa pili, nakubali skima ya kwanza izalishwe kutoka kwenye Python yenye aina kama Namba64, ili mwanzo usiwe mzito. Baada ya hapo faili lihifadhiwe, kila uga upewe namba yake, na msimbo ukipishana na faili majaribio yagome.

Kimebaki kimoja ambacho bado sijakiamulia. Aina zangu ni ndiyo/hapana, namba kamili za biti 32 na 64, namba ya nukta, maandishi, baiti, orodha na rekodi. Fedha hazina pa kukaa: namba ya nukta haiwezi kuhifadhi 0.1 kamili, na maandishi yanaruhusu mtu kutuma "mia tano". Niongeze desimali kama aina ya tisa, wakati JavaScript haina desimali yake ya kuipokea, au nitume namba kamili ya senti na kuacha kila upande uweke nukta wenyewe?