Kuku wa nyama, cherehani au matikiti: nianze na lipi nikiwa bado nimeajiriwa?

Kanga Mbili: Habari za jioni wanajukwaa. Nina miaka 34, nimeajiriwa, na nimechoka kupokea mshahara asubuhi ukaisha jioni. Nataka kujaribu kitu kingine bila kuacha kazi. Nimebaki na matatu: kuku wa nyama, kujifunza ushonaji, au matikiti maji. Kichwa kimejaa, nipo kwenye magrupu 9 ya WhatsApp na kila moja lina lake. Nianze na lipi?

Mzee wa Stata: Dada, hujataja mtaji, unakaa wapi, wala unarudi nyumbani saa ngapi. Tukupigie ramli?

Fundi Ovaloki: Cherehani. Haifi kwa kideri kama kuku.

Mzee wa Stata: Wala haikui ukauza kwa kilo.

Kanga Mbili: Samahanini. Nimepanga vyumba viwili Mbagala, uani tuko wapangaji wanne. Natoka saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Jumamosi nusu siku. Nina laki 6, ila humo humo kuna ada ya mtoto ya Januari.

Mzee wa Stata: Ada kiasi gani? Maana hapo ndipo mtaji wako ulipo. Kuku 100 hadi wiki ya 5 wanakula mifuko kama 7 ya kilo 50. Weka na vifaranga, maranda, mkaa wa bruda, pale vifaranga wanapopata joto. Chanjo siku ya 7 kideri, ya 14 Gumboro, ya 21 unarudia kideri. Sasa wewe mchana kutwa uko kazini, nani anabadilisha maji? Na harufu uani, wenzako watakuvumilia? Mimi ni mtu wa kuku, ila kwako nasema 20 tu, tena kama kuna mtu nyumbani.

Jembe Halimtupi: Matikiti yasikuguse, mdogo wangu. Mimi niliingia kwa hesabu ya kwenye simu: ekari moja, siku 80, mamilioni. Nikakodi ekari 2 Mkuranga, nikanunua pampu na mbegu chotara, nikaweka kijana wa kuangalia. Na mimi nilikuwa kazini mjini, nikienda kila Jumamosi. Wiki ya tatu kijana ananiambia "bosi mambo safi", nafika nakuta pampu ilikufa tangu Jumatatu. Nikatengeneza. Yakatoa maua, nikapiga picha, nikatuma kwa shemeji. Halafu nzi wa matunda. Tikiti kwa nje zuri, ukipasua ndani funza. Yaliyopona yakaiva wakati shamba la kila mtu limeiva, dalali akanitajia bei nikadhani anatania. Nikagawa mengine msikitini. Lakini kilichoniua si nzi, ni kwamba mwezi ule ule nilikuwa nimelipia na kozi ya udereva na nimenunua vifaranga 50. Vyote vitatu vilinidai Jumamosi ile ile.

Bint Chotara: Pole sana kaka. Ila kwa nini kila mtu ni kuku wa nyama? Chukua kuku chotara, wa kuchanganya mbegu. Hao wa wiki tano hawana ladha, unatafuna kama sponji.

Mzee wa Stata: Chotara unamlisha miezi mitatu na zaidi, mwenye chipsi hakusubiri. Biashara haiulizi ladha.

Bint Chotara: Ndiyo maana mchuzi wa siku hizi hauna mafuta.

Fundi Ovaloki: Mnampoteza dada wa watu. Sikiliza, usinunue cherehani. Mtafute fundi mtaani kwako, mwombe ukae kwake Jumamosi mchana mpaka jioni, wiki 6. Desemba na Januari tunazidiwa na sare za shule, hatumkatai wa kukunja pindo na kutia vifungo. Ukiona mgongo unauma na bado unataka kurudi, hapo ndipo ukaulizie kozi fupi chuo cha ufundi VETA Chang'ombe. Ukichoka wiki ya pili umepoteza nauli tu. Na toka kwenye hayo magrupu, walau manane.

Kanga Mbili: Nimetoka matano. Lakini Jumamosi ndiyo siku pekee ya kufua na kukaa na mtoto.

Jembe Halimtupi: Hilo lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza.

Bint Chotara: Njoo naye, akaokote vifungo.

Fundi Ovaloki: Kwangu hapana, pasi ya mkaa iko chini.

Mpita Njia: Fundi, ile mashine ya ovaloki uliyotangaza mwezi uliopita bado ipo?

Fundi Ovaloki: Ipo, ila inataka mota. Njoo inboksi.

Mpita Njia: Mota ya hizo wanauza wapi siku hizi, Kariakoo mtaa gani?

Mzee wa Stata: Kanga Mbili, hujajibu. Ada ni kiasi gani?