Tupeane uzoefu: Kutoka Tanga na familia nzima hadi mchanga unaohama wa Oldupai

Mleta mada, Chumbageni

Assalaam alaykum na habari za siku, wana Tanga wenzangu na majirani zetu wa Muheza, Pangani, Korogwe mpaka Bagamoyo. Likizo ya mwezi wa 6 inakaribia, na wiki hii ndugu watatu wamenipigia simu kuniuliza ile safari yetu ya mwaka juzi tuliipangaje. Nimeona badala ya kumsimulia kila mmoja peke yake, niyaweke hapa. Nikimaliza, nanyi leteni yenu: Oldupai, Natron, popote kwenye ukame wa kaskazini mlikowahi kwenda na watoto na wazee. Tuambizane na palipoharibika.

Tulikuwa wanane: mimi na mke wangu, watoto wanne, mdogo wangu, na mama mzazi aliyekuwa na miaka 71. Gari letu ni Toyota Noah. Wazo lilitoka kwa mtoto wa pili, ambaye mwalimu wake aliwaeleza habari za kilima cha mchanga mweusi kinachohama chenyewe kule Oldupai, Ngorongoro. Akarudi nyumbani anauliza kwa nini mchanga wa ufukweni kwetu Raskazone hauhami. Nikatafuta jibu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nami nilivyopata hamu ya kwenda.

Mchanga ule ni majivu ya volkano, yanayohusishwa na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Mchanga huo una chuma ndani yake, na chembe zake zinavutana kama sumaku. Upepo wa mashariki unausukuma bila kuutawanya, unasogea kuelekea magharibi mita kama 17 kila mwaka, na umbo lake ni lile lile la mwezi mwandamo. Nyuma yake vimesimikwa vibao vya miaka kuonyesha ulikokuwa.

Jambo moja nawaomba mlishike kabla ya mengine yote. Kinachoharibu safari hii ni haraka. Kilima chenyewe hakifiki mita 10 kwenda juu. Anayekifikia alasiri, watoto wamechoka, dereva anawaza saa za geti, ataona rundo la mchanga mweusi na kujiuliza alifuata nini. Ukifika mapema, ukapata saa nzima ya kukaa, utauona mchanga ukitambaa juu ya mgongo wa kilima kama moshi mdogo. Ratiba yetu nzima tuliipanga ili tuipate saa hiyo moja.

Siku ya kwanza tulilala Moshi. Ni kama kilomita 350 kutoka Tanga. Tuliswali alfajiri tukaondoka, na chai tulikunywa Mombo: maandazi ya nyumbani, mayai ya kuchemsha, machungwa ya Muheza tuliyoyanunua jana yake. Baada ya hapo ni milima ya Usambara, kisha Upare, yote mkono wa kulia, na vibao vya 50 kila penye makazi. Viheshimuni. Trafiki wa tochi wapo, na watoto wanavuka barabara.

Siku ya pili tukapita Arusha na Makuyuni, tukanunua ndizi nyekundu Mto wa Mbu, saa tisa alasiri tukawa Karatu. Mdogo wangu alitaka tuunganishe siku ile ile. Nilikataa, tukalala.

Siku ya tatu Noah ilibaki uani kwenye nyumba ya wageni. Tulikodi Landikruza na dereva mwenyeji, mtoto mdogo akapakatwa. Lami inaishia geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na ng'ambo yake ni mawe, vumbi na mtetemo. Malipo tuliyaandaa tangu jana yake kwa namba ya malipo, maana getini hawapokei pesa mkononi. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, ila awe na kitambulisho. Saa 12 asubuhi geti lilipofunguliwa sisi tulikuwa wa pili. Saa tano kasoro tulikuwa mbele ya mchanga.

Haya, nanyi semeni.

Mchangiaji wa Pongwe

Mleta mada, hilo la haraka mimi ni shahidi wake. Tuliondoka Tanga saa nne usiku, madereva wawili tukipokezana, tukijiona tunaokoa hela ya kulala. Saa nne asubuhi tuko Karatu, macho mekundu. Malipo hatukuwa tumeyaandaa, mtandao siku hiyo ukagoma, hadi tunaruhusiwa kuingia ni saa nane mchana. Tulifika makumbusho ya Oldupai, tukaliona bonde kwa juu, mwongozaji akatazama saa yake akatuambia kwa upole kwamba mchangani hatutaenda na kurudi kabla geti halijafungwa saa 12 jioni. Tukageuza. Binti yangu alikuwa na chupa tupu ya kutilia mchanga kidogo wa kuwaonyesha wenzake. (Baadaye nilijifunza kwamba hairuhusiwi kuuchukua, lakini siku ile hilo hatukulijua.) Alilala na ile chupa mkononi mpaka Arusha. Ule msemo wetu wa "waja leo waondoka leo" tuuache huku huku Tanga.

Na kibali ni saa 24 tangu uingie. Ukizipitisha, unalipa tena.

Mama wa watoto watatu, Muheza

Baridi jamani. Sisi wa pwani tukisikia jangwa tunafikiria jua. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na lazima uupite kwenda Oldupai. Mwezi wa 7 asubuhi pana ukungu huoni bonde wala mti. Wangu walikuwa na fulana na kandambili. Nilivua ushungi wangu na khanga zote mbili nikawafunika, mimi nikatetemeka mpaka tulipoteremka upande wa tambarare, ambako jua lilitupokea kwa ukali. Bebeni makoti na soksi kwenye mfuko wa mkononi. Mabegi yakifungwa juu ya gari hayafunguliki njiani.

Anayetapika garini akae mbele, ale kidogo kidogo, asisome wala kuchezea simu. Vipande vya tangawizi vilimsaidia wangu wa mwisho.

Dereva mstaafu, Korogwe

Namheshimu mleta mada, ila si kila mtu lazima aache gari lake Karatu. Mwenye gari la juu linalovuta miguu yote aende nalo, kiangazi. Masharti yangu ni matairi. Mawe ya kule yana ncha na yanachana ubavu wa tairi, na ubavu ukichanika hakuna kiraka. Tairi la spea liwe zima, ulipandishe kwenye gari na kulijaribu ukiwa nyumbani. Wili spana ijaribiwe kwenye nati zako mwenyewe, na jeki iwe na ubao wa kuwekea chini, kwa sababu ardhi ya vumbi inaimeza. Jaza tangi Karatu.

Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilikodi gari mjini, sitataja kwa nani, nikaamini neno la mwenye gari kwamba spea ipo. Ilikuwepo kweli, imefungwa vizuri nyuma, upara mtupu. Tulikaa njiani zaidi ya saa mbili na wazee wawili garini. Tangu hapo natazama kwa macho yangu.

Masika, yaani mwezi wa 3 mpaka wa 5, sishauri mtu na familia yake. Udongo ukilowa unanata, ukikwama unasubiri msaada uje wenyewe.

Mchangiaji wa Pangani

Sisi tulichagua Ziwa Natron. Unakata kulia kutoka Mto wa Mbu kwa njia ya Engaruka, magari mawili, watu 11. Mawili ni bora kuliko moja, hilo halina mjadala, kuna saa nzima unaendesha huoni mtu.

Njiani kuna vizuizi vya kulipia, zaidi ya kimoja. Tulijua hivyo tukatenga fungu lake kabla, kwenye mchango wa familia tuliokuwa tunautoa kila mwezi tangu Januari.

Natron haina baridi aliyoisema dada wa Muheza. Ni bondeni, joto linakubana kifuani. Ziwa lenyewe halifiki mita 3 kina, maji ya magadi makali, ndipo heroe (flamingo) wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia. Kijana wangu alivua viatu akakimbilia tope kuwafuata. Alikuwa na mkwaruzo kisiginoni, na magadi yalipoingia alipiga kelele mpaka Wamasai waliokuwa na mbuzi wao wakaja. Tulimwosha kwa maji safi ya kunywa, lita tano zikaisha hapo hapo. Kwa hiyo unapohesabu maji ya watu, hesabu na ya kuoshea. Watoto wavae viatu vya kufunika mguu.

Lengai tuliuona asubuhi, peke yake, umechongoka, mashavu yake yana michirizi mieupe. Baba yangu mdogo, ambaye si mtu wa maneno, alikaa juu ya boneti akautazama mpaka chai ikapoa. Usiombe kuupanda na familia. Kuutazama kulitutosha.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Wa huku kwetu msiende kuzunguka Chalinze. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata inawaunganisha moja kwa moja na njia ya Segera. Mleta mada, nina swali: nina bibi wa miaka 74, anatembea kwa fimbo, presha anaimudu kwa dawa. Ninyi mama mlimpelekaje? Hakuwa mzigo kwa wengine?

Mleta mada, Chumbageni

Ndugu wa Bagamoyo, mpeleke. Kabla ya safari mpitishe kwa daktari wake, dawa zikae kwenye mkoba wake na nusu nyingine kwako, kila saa mbili msimame anyooshe miguu. Kiti cha plastiki tulikifunga juu ya gari kwa ajili ya mama, na ndicho kilichotufaa kuliko vyote tulivyobeba.

Mama yangu alifanya kazi mashamba ya mkonge zaidi ya miaka 20, mwanzoni kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, mwishoni ndani ya korona, penye mashine ya kuchakata majani yake. Habari za yule Mjerumani, Hindorf, aliyeleta miche mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, anazisimulia kama za babu yake. Pale makumbusho mwongozaji akatueleza kwamba Oldupai kwa Kimasai ni jina la mkonge pori, na wageni ndio walioandika vibaya wakapata Olduvai. Mama akamkatiza: "Uko wapi huo mkonge?" Akaonyeshwa. Akauinamia, akapitisha kidole kwenye jani kuanzia shinani hadi kwenye mwiba. Akasema si kama wetu, lakini singa zimo. Yule kijana akamwambia Wamasai husokota kamba kwa singa hizo, na wale wawili wakaongea kamba na singa kwa muda mrefu, sisi tumesimama tunasikiliza. Watoto wangu hawakuwahi kumwuliza bibi yao kuhusu kazi yake mpaka siku ile.

Mchangani tulimwekea kiti chake upande usio na upepo. Hatukuupanda mchanga, Wamasai wanauheshimu. Mtoto wa pili, miaka 12, akaanza hesabu: tangu azaliwe, mita 204. Kisha akamhesabia bibi yake. Mita 1,207.

Mama akarudia ile namba polepole. Akaomba tumgeuzie kiti kielekee mashariki, mchanga ulikotoka, akakaa akiitazama ile tambarare.