Mjadala: Je, ni haki kumwamsha mwanafunzi wa sekondari ya juu saa kumi alfajiri?

Mama wa Kondele, Kisumu
Wazazi wenzangu na walimu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mwanangu ameingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, katika shule ya bweni, na kengele ya kwanza hulia saa kumi alfajiri ili wawe darasani saa kumi na nusu. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zinataka prepu, yaani kujisomea kwa usiku, iishe saa tatu na nusu usiku, mwanafunzi alale hadi saa kumi na mbili asubuhi, na vipindi vianze saa mbili. Alipokuja likizo fupi alisinzia mezani, tonge la ugali likiwa mkononi na omena haijaguswa. Ni nani aliyeiruhusu shule kuukata usingizi wa kijana wa miaka 16?

Mwalimu mstaafu, Kakamega
Mama, bila kujinyima usingizi hakuna daktari wala mhandisi. Mimi nilisoma hadi kidato cha sita, enzi za KACE, mtihani wa kumaliza kidato hicho uliofanywa mara ya mwisho mwaka 1989. Tulikuwa na masomo makuu matatu na karatasi ya jumla, na saa nyingi zisizo na vipindi ambazo kila mmoja alizipanga mwenyewe, akaketi maktabani bila kufuatwa na mwalimu wa zamu. Kijana wa leo ukimwachia saa moja ataimaliza kwenye simu. Anayetaka mtoto wake alale mpaka jua lichomoze na ampeleke shule ya kutwa, akalelewe na waendesha bodaboda.

Binti wa Nakuru
Mwalimu, nakuheshimu kwa umri wako, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita kimya. Nilisoma shule ya kutwa hapa Nakuru. Nikitoka darasani nilichota maji, nikapika, nikangoja wadogo zangu walale ndipo meza ibaki yangu. Nililelewa na mama anayeuza mboga, ambaye karo ya bweni ilimshinda kabisa. Wanafunzi wengi wa sekondari nchini wako shule za kutwa, na wote umewatukana.

Mwendesha bodaboda, Vihiga
Nami nimetajwa, basi nijibu. Nina mabinti wawili shuleni. Tangu shule ya kutwa iliyo karibu nasi ianze kuwataka wanafunzi wafike kabla ya saa kumi na mbili, nawakuta watoto wa jirani wamesimama kando ya barabara saa kumi na moja, giza totoro, mmoja mmoja, wakipungia taa yoyote inayokuja bila kujua nani yuko nyuma yake. Aliyewatoa watoto hao nyumbani usiku si mimi, ni kengele. Wabaya miongoni mwetu wapo, sikatai, na stejini kwetu tumewahi kumfukuza mmoja kwa sababu ya mwanafunzi.

Mwalimu mstaafu, Kakamega
Ndugu yangu, sikukukusudia wewe. Lakini nimewaona wasichana wakiacha masomo kwa mimba, na wengi wao walikuwa wa kutwa. Bweni huwalinda.

Binti wa Nakuru
Huwalinda hadi shule ifungwe. Na hao wavulana wanaowapa mimba, nani anawafunza?

Mwalimu wa Siaya
Mzee wangu, sifa uliyoipa kidato chako cha sita ndiyo hoja ya Mama wa Kondele: mliaminiwa na muda wenu. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana masomo ya lazima pamoja na matatu aliyoyachagua katika mkondo wake, yaani fani anayoelekea, na masomo hayo yanadai akili iliyopumzika. Kanuni zilimwachia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu ajipangie shughuli zake, nasi walimu ndio tuliozijaza, kwa kuwa mzazi akifika shuleni huuliza wastani wa alama kwanza. Wazazi hao hao hulipia masomo ya likizo, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza.

Mama wa Kondele, Kisumu
Mwalimu, mimi sikuuliza wastani. Niliuliza saa za kulala, nikaambiwa nimhamishe mtoto. Ndugu wa Vihiga, shule yenu ina mkutano wa wazazi hivi karibuni? Nitachapisha ukurasa wenye saa hizo, tuusome mbele ya bodi, kwenu na kwetu.

Mwendesha bodaboda, Vihiga
Upo mwezi ujao. Nitumie nakala mbili, moja nimkabidhi mwalimu mkuu mapema.