Pesa ya bibi yangu imesuguliwa kwa ndimu kikaoni, kisha nikaambiwa niseme ahsante

Mjukuu wa Vikokotoni (mleta uzi)

Wakuu, ninaandika haya nikiwa bado sijavua viatu, maana nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono inanitetemeka. Mhusika simtaji, wala hakuna haja, kwa kuwa kila aliyewahi kuhudhuria kikao chetu cha wakusanyaji wa sarafu hata mara moja anamjua: ni yule ambaye kitu chochote kikiwekwa mezani, mkono wake unakifikia kabla ya macho ya wenzake.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuonyesha. Nilileta pesa, yaani ile sarafu ndogo ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, yenye mizani upande mmoja na jina la Sultani kwa Kiarabu upande wa pili. Niliachiwa na bibi yangu, ambaye aliihifadhi ndani ya kikopo cha poda pamoja na kipini chake cha pua. Kwa miaka yote hiyo shaba ilikuwa imejitengenezea rangi yake yenyewe, kahawia iliyokolea kama halua iliyoiva, na ukiielekeza dirishani uliweza kuona kila uzi unaoshikilia vitanga vya mizani.

Niliinuka kwenda kupokea kikombe cha chai, na niliporudi nilimkuta ameishika pesa ya bibi yangu kwa vidole viwili, huku mkono wa pili una kipande cha ndimu kilichotoka kwenye sahani ya mihogo ya kukaanga, chenye chumvi na pilipili juu yake, anasugua. Alisugua, wakuu, kama anayesugua sufuria la pilau ya harusi ya watu mia nane! Povu jeusi lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kisha akaifuta kwa kanzu, akainyanyua ikiwa na wekundu wa waridi kama kitu kilichotoka kiwandani jana, akaniambia mbele ya watu wote: "Nimekusaidia, mwanangu. Ilikuwa chafu. Sema ahsante."

Kokwa ya ndimu ilikuwa imenasa kwenye kitanga cha kushoto cha mizani. Niliitoa kwa ukucha.

Niseme ahsante! Bibi yangu aliitunza pesa ile miaka sitini bila kuigusa kwa kitambaa, na mtu ameimaliza kwa muda wa kutafuna kipande kimoja cha muhogo. Na watu walikuwepo, tena watu wazima wenye lenzi mifukoni, lakini hakuna hata mmoja aliyesema "Sheikh, hebu acha." Ninarudia kwa ambao hawakuwepo: ndimu, chumvi na pilipili, juu ya pesa ya Barghash, kisha niseme ahsante.

Shaba Haioshwi

Pole sana, kaka. Nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake na ninakiri kwamba nilidhani anakamulia mihogo, hadi nilipousikia mkwaruzo. Kwa faida ya wanachama wapya, ile rangi ya kahawia si uchafu. Ni utando ambao shaba huufanya inapokutana na hewa, na ndio unaoilinda isiendelee kuliwa. Asidi ya ndimu huyeyusha utando huo, chumvi huzidisha kasi, na punje za chumvi huacha mikwaruzo ambayo lenzi ya kawaida inaiona mara moja. Hakuna dawa ya kuurudisha. Mnunuzi yeyote anayejua kazi yake ataitazama mara moja na kuirudisha mezani.

Rupia ya Pembeni

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini nani aliyekwambia uiweke sarafu ya urithi mezani bila kifuko, sentimita kumi kutoka kwenye sahani ya mihogo? Mimi sarafu zangu zote ziko ndani ya vikasha vya plastiki ngumu, na anayetaka kuziona anaziona humo humo. Isitoshe, pesa ya 1299 si kitu adimu. Ni sarafu inayopatikana kwa urahisi kuliko nyingi za zamani za Unguja. Ungelia hivi kama ingekuwa reali ya fedha ya Barghash ya mwaka huo huo, tungekuelewa. Tafuta nyingine uendelee na maisha.

Mjukuu wa Vikokotoni (mleta uzi)

Nyingine nitaipata, lakini haitakuwa imelala ndani ya kikopo cha poda cha bibi yangu. Na wewe unayezungumzia vifuko, ulikuwepo. Ulimwona akiikamua ile ndimu juu ya jina la Sultani, ukaendelea kuhesabu michango. "Sema ahsante," na wewe unahesabu michango!

Mama Ndururu

Wanangu, muhogo haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba kikao kinatangazwa saa tisa, kinaanza saa kumi na moja, na saa mbili hizo watu hawana la kufanya isipokuwa kula na kushikashika mali za wenzao. Mimi huja na senti zangu za Afrika Mashariki zenye matundu, zile zenye pembe mbili za ndovu kuzunguka tundu, nazirudisha nyumbani zikinuka bajia. Mwezi uliopita nilitoa senti 10 ya 1936, yenye jina la Edward wa 8, mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, ikazungushwa meza nzima. Iliyonirudia ni ya 1937, ya George wa 6. Tundu ni lile lile, pembe ni zile zile, lakini mimi si kipofu. Nimeuliza mara nne na kila mtu anatazama dari. Hilo nalo tutalifungulia uzi lini?

Rupia ya Pembeni

Mama, kwa heshima zote, Edward wa 8 wa senti 10 wapo wengi.

Mama Ndururu

Kama wapo wengi, nirudishie mmoja.

Kapteni wa Kojani

Mimi namuunga mkono mleta uzi, ila ninaona mnalalamikia madogo. Kuna mzee wetu ambaye kila kikao, tangu nijiunge, hutuhutubia saa nzima kuhusu zile sarafu tano za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ni habari kubwa, sikatai, na mara ya kwanza nilisisimka. Mara ya kumi na mbili nilitamani nami nipelekwe Australia. Sisi Wapemba tuna Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi zikiwa za fedha, ndogo mno, na hajawahi kuzitaja hata kwa dakika moja. Nikinyoosha mkono naambiwa muda umekwisha.

Shaba Haioshwi

Kapteni, zamu ya kuzungumza huombwa kwa katibu.

Kapteni wa Kojani

Katibu ndiye anayehutubia.

Hela ya Tabora

Afadhali nyinyi mmepoteza rangi na muda. Mimi nimepoteza fedha taslimu. Mtu wetu huyo huyo wa ndimu ndiye aliyenihakikishia kwamba kile kipande cha rupia 15 chenye tembo na mlima ni dhahabu halisi ya Tabora ya 1916, iliyopigwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli wakati wa vita. Nilikibeba hadi nyumbani kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto, nikakiweka karibu na sumaku ya mlango wa jokofu, kikaruka na kujibandika. Dhahabu inayoruka, ndugu zangu! Nilipomrudia alisema huenda Wajerumani walichanganya kidogo kwa sababu ya vita.

Mjukuu wa Vikokotoni (mleta uzi)

Mnaona sasa? Ni mtu yule yule. Naomba turudi kwenye ndimu.

Mvita Kwanza

Mimi niko Mombasa na huja vikaoni mara moja kwa miezi mitatu, kwa hiyo ndimu sikuishuhudia. Lakini nimesoma uzi wote na nimekwazika na jambo moja: kila mnapotaja mizani mnaitaja kana kwamba ni ya Unguja peke yake. Pesa ya shaba ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, nayo ina mizani na maandishi ya Kiarabu. Mwaka jana niliileta, na kabla sijafungua mdomo mtu akaitia kwenye trei ya Zanzibar. Nilipolalamika niliambiwa "pwani ni moja".

Kapteni wa Kojani

Mizani ilitangulia Unguja, 1299. Ya Mombasa ina 1306. Hapo hakuna mjadala.

Mvita Kwanza

Kutangulia si kumiliki. Tena mkiitazama kwa makini mtaona neno "Mombasa" limeandikwa juu yake, sasa ilifikaje kwenye trei ya Zanzibar?

Mama Ndururu

Trei ile anaipanga nani?

Rupia ya Pembeni

Ninaipanga mimi, na sina macho ya kusoma maandishi madogo saa moja usiku kwenye chumba chenye taa moja. Anayetaka trei ipangwe vizuri alipe mchango wake tununue taa.

Hela ya Tabora

Mchango wa taa tulitoa mwezi wa Ramadhani.

Mjukuu wa Vikokotoni (mleta uzi)

Wakuu, nimeiweka chini ya taa sasa hivi. Uzi mmoja wa kitanga cha kushoto hauonekani tena.

Mvita Kwanza

Samahani, ni mizani ya Unguja hiyo au ya Mombasa?

Kapteni wa Kojani

Ya Unguja. Na risiti ya taa iko wapi?